Kifungu cha 156: Sifa za Jaji Mkuu, Mlango wa Waziri

Kila Mwanasheria Mkuu wa Kenya anapoingia mahakamani kuitetea Serikali katika jambo ambalo wananchi wengi wanaliona ovu, swali huzuka: huyu ni wakili wa nani? Na nyuma ya swali hilo hufuata pendekezo kwamba basi tumchague wenyewe kwa kura, kama tunavyomchagua gavana na seneta. Pendekezo hilo lina uzito wake. Lakini kabla ya kulijibu, nataka tukisome kwa jicho la mhakiki kifungu kinachomuumba afisa huyu, yaani kifungu cha 156 cha Katiba ya 2010. Tutazame kilivyopangwa, kinachotangulia na kinachochelewa, kinachoelezwa kwa kirefu na kinachonyamaziwa. Katiba nayo ni maandishi yenye umbo, na umbo hilo ndilo linaloamua afisa wa umma atamwogopa nani.

Kifungu chenyewe ni kifupi, kina vifungu vidogo 7. Cha 1 kinaianzisha ofisi kwa sentensi moja. Cha 2 kinasema Rais atapendekeza jina, Bunge la Taifa liidhinishe, kisha Rais ateue. Cha 3 kinataja sifa za anayefaa. Cha 4 kinagawa kazi: kuishauri Serikali kuhusu sheria, kuiwakilisha serikali ya taifa katika kesi zisizo za jinai, na kutekeleza majukumu mengine atakayopewa na sheria ya Bunge au na Rais. Cha 5 kinamruhusu, mahakama ikikubali, kuingia kama rafiki wa mahakama katika kesi za madai ambazo Serikali haimo. Cha 6 kinamwamuru akuze na kuulinda utawala wa sheria na atetee maslahi ya umma. Cha 7 kinasema anaweza kuyatumia mamlaka yake kupitia maafisa walio chini yake.

Ukifuata mpangilio huo hatua kwa hatua, unaona kwamba Rais ametajwa mapema na ametajwa tena, kwenye uteuzi na kwenye kazi. Umma unakuja mwishoni, katika kifungu kidogo cha 6, kazi zikiwa zimeshagawanywa. Tena amri hiyo ya 6 haina chombo. Cha 4 kina mahakama, cha 5 kina mahakama na utaratibu wa kuomba ruhusa. Cha 6 hakisemi ni wapi, lini wala kwa njia gani maslahi ya umma yatatetewa. Zaidi ya yote, hakisemi Mwanasheria Mkuu afanye nini pale ambapo anayevunja sheria ni yule yule anayemshauri. Mtu mmoja amepewa mabwana wawili, na kifungu kikapita kama kwamba mabwana hao hawatagombana kamwe.

Kifungu kidogo cha 3 ndicho kinachonishika zaidi. Kinasema sifa za Mwanasheria Mkuu ni zile zile za Jaji Mkuu. Ukienda kifungu cha 166 unazikuta: uzoefu wa miaka isiyopungua 15 katika ujaji, uwakili, ualimu wa sheria au kazi ya sheria inayolingana na hizo, pamoja na maadili yasiyo na doa. Lakini kifungu hicho hicho cha 166 kinasema pia Jaji Mkuu anavyopatikana: Tume ya Huduma za Mahakama inapendekeza jina, Bunge la Taifa linaidhinisha, Rais anateua. Tume hiyo hutangaza nafasi, hupokea maombi, huwahoji wanaotaka kazi mbele ya umma. Nchi nzima iliona mahojiano yaliyomleta Willy Mutunga mwaka 2011, na ikaona yaliyomleta Martha Koome mwaka 2021, wanasheria wakubwa wakiulizwa maswali magumu kuhusu hukumu zao, mali zao na misimamo yao. Waandishi wa kifungu cha 156 walikopa sifa za Jaji Mkuu wakaacha mlango wake. Mwanasheria Mkuu anapimwa kwa kipimo cha jaji lakini anaingia kwa mlango wa waziri.

Na kutoka je? Hapa ndipo kifungu kinaponyamaza kabisa. Hakuna muhula, hakuna sababu za kumwondoa, hakuna jopo la kumchunguza. Jibu limewekwa mbali, katika kifungu cha 132 kinachoorodhesha majukumu ya Rais. Humo, katika sentensi moja inayowataja pia mawaziri, makatibu wakuu na mabalozi, Rais anapewa uwezo wa kumteua Mwanasheria Mkuu na kumfuta kazi, kwa mujibu wa kifungu cha 156. Msomaji anarudi 156 kutafuta huo mujibu katika suala la kufutwa, na hapati neno.

Tarehe 11 Julai 2024 tuliuona ukimya huo ukifanya kazi. Baada ya maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha, Rais William Ruto aliwafuta mawaziri, na katika tangazo hilo hilo akamfuta Mwanasheria Mkuu Justin Muturi. Hakuelezwa kosa lake la kisheria, na Katiba haikudai aelezwe. Jina la kwanza kupendekezwa badala yake lilikuwa la Rebecca Miano, aliyekuwa ametoka tu kufutwa uwaziri. Siku chache baadaye akahamishiwa wizara ya utalii, na likapelekwa Bungeni jina la Dorcas Oduor, mwanamke wa kwanza kuishika ofisi hiyo. Sina neno baya juu ya sifa za Bi. Oduor, ambaye alikuwa mwendesha mashtaka wa miaka mingi. Ninachosema ni kwamba jina liliweza kubadilishwa ndani ya wiki mbili kama wizara inavyobadilishwa, kwa sababu umbo la kifungu linaruhusu.

Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, Renson Ingonga, hakuguswa siku hiyo. Hakuguswa kwa sababu anaishi nyumba ya pili, kifungu cha 157, ambacho kimeandikwa kwa mkono mwingine kabisa. Mlango wa kuingilia ni ule ule wa Rais na Bunge, lakini baada ya hapo kifungu kinabadilika sauti: muhula ni miaka 8, hateuliwi tena, hahitaji idhini ya mtu yeyote kuanzisha kesi ya jinai, katika kazi yake hayuko chini ya amri ya mtu wala mamlaka yoyote, hawezi kuiondoa kesi mahakamani bila ruhusa ya mahakama. Kisha kifungu cha 158 chote kimetolewa kueleza namna moja tu ya kumwondoa, kwa malalamiko, Tume ya Utumishi wa Umma na jopo. Weka 156 na 157 kando kwa kando na utaona kwamba ukimya wa 156 haukuwa usahaulifu. Waandishi walijua namna ya kumpa mtu kinga, na hapa waliamua kutoitoa.

Sababu yao inaeleweka tukikumbuka Katiba ya zamani. Kifungu cha 26 cha Katiba ile kilimpa Mwanasheria Mkuu kila kitu: ushauri kwa Serikali na mashtaka yote ya jinai, pamoja na uwezo wa kuifuta kesi kwa sahihi yake peke yake. Ndani yake ilikuwamo sentensi nzuri iliyosema kwamba katika mashtaka hayuko chini ya amri ya mtu. Mwaka 1986 Bunge la chama kimoja lilimnyang'anya usalama wa kazi, sentensi ile ya uhuru ikabaki pale pale kwenye karatasi. Mwaka 1990 usalama huo ukarudishwa. Mwaka uliofuata akateuliwa Amos Wako, akakaa miaka 20, hadi 2011. Na kinga hiyo haikuzaa ujasiri tulioutarajia. Mei 2005 ofisi yake iliondoa mashtaka ya mauaji dhidi ya Tom Cholmondeley katika kifo cha mlinzi wa wanyamapori Samson ole Sisina, na Wamaasai wakaandamana kwa hasira. Kinga bila mipaka ilikuwa imetuonyesha sura yake, na waandishi wa 2010 wakaitikia kwa kumgawa mtu yule: mashtaka, uhuru na kinga vikaenda 157, ushauri na utetezi wa Serikali vikabaki 156. Maslahi ya umma yaliachwa upande usio na kinga, na hapo ndipo ninapoona kosa.

Kuna aina ya maandishi ambayo hatuihakiki vya kutosha, nayo ni tamko la Mwanasheria Mkuu kwa taifa. Tuchukue mawili. Oktoba 1976, Charles Njonjo alitoa taarifa akionya kwamba kuwaza, kupanga au kukusudia kifo cha Rais ni kosa la jinai lenye adhabu ya kifo, na kwa taarifa hiyo kampeni ya wanasiasa waliotaka Katiba ibadilishwe ili kumzuia Makamu wa Rais Moi asirithi urais ikazimika. Desemba 2017, Githu Muigai aliwaonya wananchi kwamba kumwapisha kiongozi wa upinzani Raila Odinga kuwa rais wa wananchi kungekuwa uhaini. Matamko yote mawili yana umbo moja: mtaalamu anasimama mbele ya waandishi wa habari, anataja kosa kubwa kuliko yote katika sheria, hamtaji mtu anayeweza kuchaguliwa badala ya Rais aliyepo ila kwa kivuli, na anaiacha hofu ifanye kazi iliyobaki. Tofauti iko katika nguvu. Njonjo alikuwa na mashtaka mkononi, hivyo tamko lake lilikuwa nusu ya hati ya mashtaka. Muigai hakuwa nayo. Kifungu cha 157 kilikuwa kimeyachukua. Raila aliapa katika bustani ya Uhuru tarehe 30 Januari 2018, hakushtakiwa, na Machi alipeana mkono na Rais Uhuru Kenyatta. Kugawanywa kwa kifungu cha 26 kuliliondolea tamko meno yake. Lakini sauti ilibaki ile ile, sauti ya mlinzi wa Rais, maana mlango wa kuingilia ulibaki ule ule.

Hata majina ya kesi yanasimulia. Mchakato wa kurekebisha Katiba uliojulikana kama BBI uliposimamishwa na Mahakama Kuu tarehe 13 Mei 2021, na Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo Agosti mwaka huo, aliyekwenda Mahakama ya Juu alikuwa Mwanasheria Mkuu Paul Kihara Kariuki. Kesi ikaingia katika vitabu vya sheria kwa jina la Mwanasheria Mkuu na wengine 2 dhidi ya Ndii na wengine 79. Lisome jina hilo polepole. Upande mmoja afisa aliyeamriwa na Katiba kutetea maslahi ya umma. Upande wa pili wamo wananchi na taasisi zilizosema zinatetea maslahi ya umma. Tarehe 31 Machi 2022 mahakama ilimpa ushindi katika baadhi ya hoja, ikamkatalia katika ile kubwa, kwamba Rais hawezi kuanzisha marekebisho ya Katiba kwa njia iliyotengewa wananchi. Kariuki hakufanya kosa. Alifuata kifungu kidogo cha 4. Cha 6 hakikuwa na wakili mle ndani.

Sasa turudi kwenye kura. Wanaoitaka wana ushahidi mmoja mzuri kutoka siku ile ile ya Julai 2024. Rais aliposafisha Baraza la Mawaziri, Naibu Rais Rigathi Gachagua alibaki, kwa kuwa alichaguliwa na wananchi pamoja na Rais na hakuna kalamu ya mtu mmoja inayoweza kumfuta. Kwa hivyo kura inakinga. Lakini miezi mitatu baadaye Bunge la Taifa lilimtimua, na Seneti ikathibitisha tarehe 17 Oktoba. Kura ilimkinga na kalamu ya Rais, haikumkinga na wingi wa Rais Bungeni. Mwanasheria Mkuu aliyechaguliwa angekuwa na kinga ya aina hiyo, na angeipata kwa bei kubwa sana.

Bei ya kwanza ni kampeni. Mkenya huingia kituoni na karatasi 6: Rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wa wadi. Mwanasheria Mkuu angekuwa wa 7, tena wa nchi nzima, akihitaji magari, helikopta, mawakala katika kila kituo na fedha za wafadhili. Wafadhili wa siasa zetu ni wafanyabiashara wale wale wenye zabuni za Serikali na kesi dhidi ya Serikali. Afisa ambaye kazi yake ni kuikagua mikataba mikubwa ya nchi angeanza muhula akiwa na deni kwa upande wa pili wa mikataba hiyo. Na katika siasa zetu za miungano, jina lake lingepangwa mezani pamoja na la mgombea mwenza, kwa hesabu za maeneo, tukarudi kwa bwana yule yule tukiwa tumepitia njia ndefu.

Bei ya pili ni ahadi. Mgombea wa cheo hiki atawaambia nini watu wa soko la Gikomba au la Kongowea? Atawaambia atawafunga wezi wa mali ya umma, kwani ndilo jambo wanalotaka kulisikia. Hawezi. Mashtaka ni ya 157, uchunguzi wa ufisadi ni wa tume ya maadili. Tungemchagua mtu kwa jambo ambalo Katiba haikumpa, au tungelazimika kumrudishia mashtaka na kukifufua kifungu cha 26 kikiwa na mhuri wa debe.

Wengi hutaja Marekani, ambako majimbo 43 huwachagua wanasheria wakuu wao kwa kura. Mfano huo unahitaji kusomwa wote. Mwanasheria mkuu wa jimbo kule huzishtaki kampuni za dawa, za tumbaku na za teknolojia kwa niaba ya wakazi, na kazi hiyo ina uso ambao mpiga kura anaweza kuuona na kuupima. Maine humchagua kupitia wabunge wake na Tennessee humpata kupitia Mahakama yake ya Juu. Na yule wa serikali kuu mjini Washington, ambaye ndiye anayefanana na wetu, huteuliwa na Rais kwa idhini ya Seneti.

Historia yetu ina majaribio yake ya kuikutanisha ofisi hii na kura. Njonjo aliiacha ofisi mwaka 1980, akaenda kuwa mbunge wa Kikuyu. Wako alichaguliwa seneta wa Busia mwaka 2013. Muturi alikuwa mbunge, kisha Spika kwa miaka 9, kabla ya kuteuliwa. Januari 2025, akiwa tayari amerudi kuwa waziri, Muturi alieleza hadharani kwamba mwanawe alipotekwa Juni 2024, yeye akiwa Mwanasheria Mkuu na mjumbe wa Baraza la Usalama wa Taifa, aliwazungukia wakuu wa usalama bila kupata jibu, mpaka alipomwendea Rais mwenyewe. Nimelifikiria simulizi hilo mara nyingi. Mtu huyu alikuwa amezoea kura maisha yake yote ya siasa, na siku aliyohitaji sheria imsikie, mlango uliofunguka ulikuwa mmoja.

Hali iliyo kinyume na kinga ya kifungu cha 157 iko katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na inafaa kuitazama kwa sababu huko neno lilifutwa. Katiba ya 2006 iliziweka ofisi za waendesha mashtaka ndani ya mamlaka huru ya mahakama. Marekebisho ya Januari 2011 yakaziondoa katika orodha hiyo ya kifungu cha 149. Tangu hapo mwendesha mashtaka wa Lubumbashi hutazama kwa Waziri wa Haki aliye Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500. Mei 2016 Waziri Alexis Thambwe Mwamba alitangaza kwamba ameagiza uchunguzi dhidi ya Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga, siku zile zile Katumbi alipojitangaza mgombea urais. Wakazi wa Lubumbashi hawakuhitaji mtaalamu kuwaeleza maana ya kufutwa kwa neno lile.

Kwa hiyo ninachokitaka ni kukigawa kifungu cha 156 tena, kama cha 26 kilivyogawanywa. Kazi za kifungu kidogo cha 4 zibaki kwa Mwanasheria Mkuu anayeteuliwa na Rais na kufutwa na Rais, maana kila mteja ana haki ya wakili anayemwamini, na ushauri wa siri hauwezi kutolewa na mshindani wa kisiasa. Kifungu kidogo cha 6 kihamishiwe kwa afisa mwingine, mwenye haki ya kuingia katika kesi yoyote ya kikatiba bila kuomba ruhusa, hata dhidi ya Serikali. Huyo apitie mlango wa Jaji Mkuu, ahojiwe hadharani, na Mwanasheria Mkuu, ambaye ni mjumbe wa Tume ya Huduma za Mahakama, akae kando siku hiyo. Atoke kwa mlango wa kifungu cha 158.

Kuna tundu moja katika 157 ambalo tusilikope. Keriako Tobiko, Mkurugenzi wa Mashtaka wa kwanza chini ya Katiba hii, aliondoka mwaka 2018 kabla ya miaka 8 kutimia, akawa waziri. Noordin Haji aliyemfuata aliondoka mwaka 2023, akawa mkuu wa idara ya ujasusi. Hakuna aliyefukuzwa, wote wawili waliitwa na Rais kwenye kazi nyingine. Muhula usiokatizwa kwa adhabu ulikatizwa kwa zawadi. Afisa mpya azuiwe kupokea uteuzi wowote wa Rais kwa miaka kadhaa baada ya kuondoka, na sharti hilo liandikwe ndani ya kifungu chenyewe, lisiachiwe sheria ya kawaida ambayo Bunge linaweza kuibadilisha kwa mchana mmoja.

Ofisi ya Mwanasheria Mkuu haikutajwa kwa jina katika orodha ya mambo ya kifungu cha 255 yanayolazimisha kura ya maoni. Mabadiliko haya yanaweza kupita kwa thuluthi mbili ya wabunge na maseneta wote, na kifungu cha 256 kinataka siku 90 kati ya kusomwa kwa mswada mara ya kwanza na mara ya pili, Bunge likiuchapisha na kuruhusu umma uujadili. Chama cha Mawakili kina uwezo wa kuuandika mswada huo na kumtafuta mbunge wa kuuwasilisha kabla ya uchaguzi wa 2027 kuwameza wote wanaohusika.